Mwenye Kisima Asife Kiu

Miongoni mwa nchi zilizopata uhuru Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, Kazakhstan ni moja ya zile zilizojaliwa mafuta mengi. Mwaka 1993 serikali yake ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Chevron ya Marekani wa kuchimba mafuta ya Tengiz, kando ya Bahari ya Caspian, na mwaka 2000 ikaanzisha Mfuko wa Taifa wa kuweka akiba ya mapato hayo. Mji mkuu mpya ukajengwa, pato la nchi likapanda, na wataalamu wa uchumi wakaisifu.

Lakini mizani ya wataalamu si mizani ya mwananchi. Katika nchi hiyo upo mji uitwao Zhanaozen, uliojengwa jangwani katika miaka ya 1960 kwa ajili ya wachimba mafuta. Mwaka 2011 wafanyakazi wa mji huo waligoma kwa miezi mingi wakidai mishahara ya haki. Tarehe 16 Desemba, siku ambayo taifa lilikuwa likiadhimisha miaka 20 ya uhuru, polisi waliwafyatulia risasi, na serikali yenyewe ilikiri vifo visivyopungua 14. Januari 2022, bei ya gesi ya magari ilipopanda karibu maradufu, mji ule ule ndio ulioanza kuandamana. Moto ukaenea hadi Almaty, majeshi ya nchi jirani yakaitwa kusaidia, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha.

Tutafakari jambo hilo. Watu walioishi juu ya visima ndio waliolalamikia bei ya gesi. Nchi ilikuwa na Mfuko, mikataba na sheria, ila haikuwa na masikio. Mahesabu yalifanywa mbali, na waliotoka jasho hawakuonyeshwa.

Pengine msomaji atauliza: sisi wa Mkoa wa Pwani, na ndugu zetu wa Mafia, Songo Songo, Unguja na Pemba, yatuhusu nini mambo ya Zhanaozen? Wahenga wamekwisha kujibu: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Ilikaa chini ya ardhi miaka 30, na mwaka 2004 ikaanza kutumika, ikipita kwa bomba chini ya bahari hadi Somanga Funga, na kutoka hapo kuvuka Rufiji na Mkuranga hadi Ubungo kufua umeme na Wazo Hill kuchoma saruji. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba la pili kutoka Mtwara, lililojengwa kwa mkopo kutoka China. Hayo ni mafanikio makubwa ya taifa, na anayeyabeza hakumbuki giza la mgawo wa umeme.

Hata hivyo, bomba la Mtwara halikujengwa bila machozi. Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Bungeni, Mtwara mjini pakazuka ghasia. Nyumba zilichomwa, watu walikufa, na askari wa jeshi wakapelekwa. Wako waliosema kwamba wananchi wale walipotoshwa na wanasiasa. Huenda wapo waliopotoshwa. Lakini mtu aliyeelezwa mapema, akaonyeshwa fungu lake na kusikilizwa shaka yake, hapotoshwi kwa urahisi. Uongo hujaza nafasi iliyoachwa wazi na kiongozi.

Msimamo wetu haujabadilika. Utajiri wa ardhi na bahari ni mali ya taifa zima, na hakuna kijiji wala kisiwa chenye haki ya kuufunga mlango na kuukalia peke yake. Huo ndio msingi tuliouweka Arusha mwaka 1967. Lakini msingi huo una upande wa pili unaosahauliwa maofisini: mali ya wote ni amana, na amana hudaiwa hesabu. Kusema kwamba gesi ni ya wote, kisha aliye karibu nayo akawa wa mwisho kunufaika, ni kuligeuza neno la haki kuwa kisingizio cha dhuluma.

Tazama hapa kwetu. Misitu ya Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu imekatwa miaka nenda rudi kwa ajili ya mkaa wa Dar es Salaam. Mama wa Kisarawe anapuliza moto wa kuni, na mwenzake wa Mkuranga vivyo hivyo, ilhali gesi inapita ardhini katika wilaya yake. Kisiwa cha Mafia nacho, kilichokuwa ndani ya eneo walilopewa BP na Shell kutafuta mafuta tangu mwaka 1952, kwa miaka mingi kimewasha taa kwa dizeli iliyovushwa baharini. Serikali imetoa Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania. Ni mkakati mwema. Tunauliza tu: utaanzia jikoni kwa nani?

Swali hili halingoji. Gesi iligunduliwa Mkuranga mwaka 2007, na mwaka 2016 ikatangazwa kugunduliwa katika bonde la Ruvu. Zanzibar nayo, baada ya Sheria ya Petroli ya 2015 kuifungulia njia, ilitunga sheria yake mwaka 2016, na Oktoba 2018 ikatia sahihi mkataba na kampuni ya RAK Gas kwa kitalu cha Pemba na Unguja. Wakati wa kupatana ni kabla ya kisima kutoa, si baada ya mawe kurushwa.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu viongozi mambo matatu. Kwanza, mapato ya gesi, pamoja na ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri, yasomwe katika mikutano ya vijiji kwa Kiswahili chepesi, shilingi kwa shilingi. Pili, vijiji vya visimani na vya njia ya bomba viwekwe mwanzo wa orodha ya umeme, maji, zahanati na gesi ya kupikia. Tatu, kabla ya mkataba mpya kuanza kazi, wavuvi na wakulima wa mahali hapo waelezwe nini kitachukuliwa, nini kitaachwa, na nani atalipa bahari ikichafuka.

Na sisi wananchi tuhudhurie mikutano hiyo, tuulize, tuandike majibu, na mwaka unaofuata tuyadai.