*DENI SI USALITI: TAARIFA YA TAWI KUHUSU MIKOPO YA KAUSHA DAMU*

Ndugu wanachama,

Taarifa hii ni ndefu kuliko zile tulizozoea kuwatumia. Isome yote, na kama una mwanachama jirani asiye na simu janja, msomee.

Tuanze na aibu yetu wenyewe.

Miezi kadhaa iliyopita iliingia kwenye kundi la tawi picha ya kitambulisho cha mwanachama mwenzetu, mama anayeuza dagaa pale Mwaloni. Chini ya picha waliandika kwamba ni mwizi, ni tapeli, na anayemfahamu amwambie arudishe fedha za watu. Ilitoka kwa watu wa aplikesheni ya mikopo ambao walichota namba zetu zote kutoka kwenye simu yake. Sisi tulifanya nini? Tulicheka. Wapo walioweka vikaragosi vya kicheko, wapo waliosambaza kwenye kundi la akina mama. Jioni ile ile akajitoa. Mkutano uliofuata hakuja, na uliofuata tena hakuja. Kiongozi mmoja wa kamati hii inayowaandikia leo akasimama akasema huyo tayari ameshanunuliwa na chama kingine. Tukapiga makofi.

Hakununuliwa na mtu. Alikuwa amekimbilia kwa dada yake Sengerema, anadaiwa na aplikesheni tatu na mkopeshaji mmoja wa mtaani kwetu. Mwezi uliopita tulimfuata, tukamwomba radhi, tukakaa naye chini tukahesabu. Ametukubalia tueleze hesabu yake bila kumtaja jina, kwa sababu, kwa maneno yake, wapo wengine kwenye tawi hili wanaolala macho.

*Hesabu yenyewe*

Mkopeshaji wa mtaani alimpa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Mwezi ukiisha kama hana zote 260,000, anaruhusiwa kulipa riba peke yake, shilingi 60,000, na mkopo unaanza upya. Akafanya hivyo miezi kumi. Ndugu, chukua kalamu. Ametoa shilingi 600,000, na bado anadaiwa 200,000 ile ile aliyoanza nayo. Haijapungua hata shilingi.

Sasa linganisha. Benki Kuu, yaani BoT, imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, ambao ndio hawa wanaokopesha bila kupokea amana: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wake huo riba ingekuwa shilingi 7,000 kwa mwezi. Kila mwezi mama huyu alinyang'anywa shilingi 53,000 zisizo halali, ukijumlisha miezi kumi ni 530,000. Huo ni mtaji. Angeweza kununua dagaa kwa fedha taslimu badala ya kuchukua kwa mali kauli na kuuziwa kwa bei ya mnyonge.

Na zile aplikesheni? Ya kwanza aliikopa ili apate riba ya mkopeshaji wa mtaani. Ya pili ili alipe ya kwanza. Ya tatu ili alipe ya pili. Hakuna hata shilingi moja ya mikopo hiyo iliyoingia kwenye ndoo ya dagaa.

*Wanaosema "dawa ya deni kulipa"*

Tumelelewa na msemo huo na hatuukatai. Fedha uliyochukua kwa mtu ukaitumia ni deni, na tawi hili halitamwambia mwanachama yeyote akatae kurudisha alichokopa. Lakini mama huyu *alilipa*. Alilipa mara tatu ya alichochukua. Anayemsomea msemo huo leo anamtetea mkopeshaji.

Tumechoka pia na wale wanaosimama jukwaani kuwaambia wananchi waache kukopa ovyo, waache sare za harusi na mashindano ya sherehe. Wapo wanaokopa kwa ajili ya sherehe, ndiyo. Lakini katika watu tisa wa tawi letu waliokubali kukaa nasi tangu tulipoanza, wanne walianza na bili ya hospitali, wawili na kodi ya nyumba inayodaiwa ya miezi sita kwa mkupuo, wawili na mtaji uliokata baada ya mzigo kuharibika, na mmoja alimdhamini shemeji yake aliyetoweka. Hakuna aliyeanza na sare. Atakayewaambia watu hawa wajifunze nidhamu ya fedha aje kwanza aishi wiki moja kwa kipato kinachoingia leo na kesho hakiingii.

*Sheria ipo, mtaani haionekani*

Tangu mwaka 2018 tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha. Kufanya biashara ya kukopesha bila leseni ni kosa. Novemba 2024 BoT ilitangaza orodha ya aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tunaipongeza kwa hilo. Lakini kijana anayepita na pikipiki na daftari kila jioni kukusanya marejesho hayumo kwenye orodha yoyote, na huyo ndiye anayebeba magodoro ya watu.

Tunaiuliza halmashauri: nani anapita sokoni kuwaomba hawa leseni? Mama lishe asipokuwa na kitambulisho cha biashara anafuatwa hadi jikoni. Mwenye ofisi ya mikopo iliyoandikwa kwa chaki kwenye mlango wa bati hafuatwi na mtu.

Kuhusu kutangazwa kwa picha: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo na inapokea malalamiko. Kudaiwa hakumpi mtu ruhusa ya kuchukua majina kwenye simu yako na kuwatukania mama mkwe wako na mchungaji wako. Ukipata meseji ya namna hiyo kuhusu mtu yeyote, usiisambaze. Piga skrinshoti, mtumie mwenyewe, kisha ifute. Ushahidi huo atauhitaji.

Kuhusu kuchukua vitu vya ndani: mtu asiye na amri ya mahakama, wala mkataba wa dhamana ulioutia saini unaotaja kitu hicho, hana ruhusa ya kuingia kwako na kubeba. Hata mahakama yenyewe inapokamata mali ya mdaiwa, sheria inaacha nguo za familia, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za fundi. Cherehani ya fundi si ya kubebwa na kijana wa pikipiki.

Kuhusu kadi za benki, hapa tunawalenga walimu na watumishi wa zahanati, ambao tunajua mko wengi na mko kimya. Kanuni inataka makato yamwache mtumishi na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Mkopeshaji anayeshika kadi yako na namba yako ya siri ameizunguka kanuni hiyo: siku ya mshahara anasimama yeye kwenye mashine, wewe unapewa nauli. Nenda benki, ripoti kwamba kadi haiko mikononi mwako, ifungwe, upewe nyingine. Deni litabaki na mtalizungumza, lakini mshahara utapita mkononi mwako kwanza.

*Wapo kati yetu*

Hili tumelijadili kwenye kamati kwa saa tatu na halikuwa tamu. Wapo wanachama wa tawi hili wanaokopesha kwa riba hizi. Wapo viongozi. Mmoja alikuwa kwenye meza ile ile, akatuuliza, "Mnataka niwape bure?" Hapana, ndugu. Tunataka uwe na leseni, uandike mkataba, uheshimu ukomo wa riba. Ukishindwa hayo, acha.

Kamati imeamua: kuanzia taarifa hii hakuna anayekopesha kausha damu atakayeshika nafasi ya uongozi katika tawi. Aliyenayo ana siku 30 za kuchagua. Tumeshapoteza mjumbe mmoja kwa uamuzi huu, na huenda tukapoteza wengine wenye fedha ya kuchangia mikutano. Tumelipima hilo. Chama kinachokunywa soda iliyonunuliwa kwa godoro la mwanachama wake hakina la kumwambia mpiga kura.

Kwa wenyeviti wa mitaa waliochaguliwa Novemba 2024, wa chama chetu na wa vyama vingine: acheni kugonga mihuri barua za kuwatambulisha wakusanya madeni wasio na leseni, na acheni kuongozana nao milangoni. Mwananchi akimwona mwenyekiti anaamini ni amri ya serikali. Tunazo nakala za barua mbili. Tutazipeleka kwa mtendaji wa kata.

Na neno moja kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba na haina rangi ya chama. Ikisimamishwa, kama ilivyosimamishwa mwaka 2023, anayefurahi ni kausha damu. Afisa maendeleo ya jamii akikuuliza kadi ya chama, tuambie. Lakini tuseme ukweli, ile ni mikopo ya vikundi kwa ajili ya shughuli za kiuchumi. Usiichukue ili ulipe kausha damu, utaanza upya duara la yule mama, safari hii ukiwa na wenzako wa kikundi shingoni.

*Tunachofanya*

Kila Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, chumba cha nyuma cha ofisi ya tawi kitakuwa wazi kwa mwanachama yeyote mwenye deni lililomzidi. Watakuwepo watu watatu tu: katibu wa tawi, mwalimu wetu mstaafu wa hesabu na msaidizi wa kisheria wa kata. Kinachosemwa mle hakitoki. Atakayetoa siri ya mdaiwa atashughulikiwa kama aliyetoa siri ya chama.

Hatutatoa fedha. Tawi halina fedha, na hata lingekuwa nazo, mkopo mwingine si dawa. Tutakaa na wewe tuandike madeni yote kwenye karatasi moja: nani, ulichukua kiasi gani, lini, umeshalipa kiasi gani, riba waliyosema ni ipi. Wengi waliokuja hawakuwa wamewahi kuyaona madeni yao mahali pamoja. Mmoja alikuta mkopo aliokuwa akiulipa ulishaisha miezi miwili iliyopita. Kisha tutatenga kwanza chakula, kodi ya nyumba na dawa. Kinachobaki ndicho kinachogawiwa wadai, hata kama ni shilingi 3,000 kwa siku. Ahadi ya 10,000 usiyoiweza ndiyo inayokurudisha kukopa.

Barua ya kuomba kupanga upya marejesho tutaiandika pamoja, na nakala utabaki nayo. Wakopeshaji wanne kati ya saba tuliowaandikia mpaka sasa wamekubali kusimamisha riba, wawili wao wakiwa wenye leseni. Watatu walitutukana. Hao tutawalalamikia BoT, ambayo ina ofisi hapa hapa Mwanza, na hakuna sababu ya mtu kuogopa lango lile, tutakusindikiza. Aliyetishiwa kupigwa, tutakwenda naye polisi siku hiyo hiyo, bila kungoja Jumamosi.

Kuanzia leo, mambo mawili usiyafanye hata kabla hatujaonana. Usikope kulipa mkopo. Na usilipe taslimu kwenye daftari la mtu: lipa kwa simu, ili muamala ubaki, kwa sababu daftari ni lake na kalamu ni yake.

Ukija, njoo na kitambulisho, mikataba kama ipo, na simu yenye meseji zote, hata za matusi, usizifute. Unaweza kuja na mume au mke wako. Kama hajui, njoo peke yako, hatutampigia.

Aliyejitoa kwenye kundi la tawi kwa sababu ya picha au meseji, amwandikie katibu. Atarudishwa bila kuulizwa neno. Yule mama wa Mwaloni amesharudi, na Jumamosi ijayo atakuwa mlangoni kuwapokea watakaokuja, kwa ombi lake mwenyewe.

_Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi._