Ufunguo Namba 10
Kama wiki hii una nafasi ya kutazama filamu moja tu ya kutisha, tafuta Identity ya James Mangold, iliyotoka mwaka 2003. Wasafiri wanakwama usiku kwenye moteli ya upweke huko Nevada, Marekani: mafuriko yamefunga barabara, simu hazishiki. Dereva, anayeigizwa na John Cusack, anasikia mashine ya kukaushia nguo ikigonga, du, du, du. Anaifungua. Ndani kuna kichwa cha bosi wake, mwigizaji aliyemwendesha mwenyewe jioni ile, pamoja na ufunguo wa chumba namba 10. Maiti inayofuata ina namba 9, halafu 8. Damu ipo, lakini kinachokausha mate ni hesabu hiyo inayoshuka, maana kila aliyebaki anajua zamu yake inakuja, wala hajui amwogope nani. Wapo wanaosema mgeuko wake ni ujanja wa bei rahisi. Sikubaliani nao, dalili zimepandwa tangu mwanzo kabisa. Weka simu pembeni, na usikubali mtu akusimulie mwisho.