Kona ya Kaka: Nani Kakwambia Ubonyeze?

Nyie dada zetu mnaousoma ukurasa huu kwa kuchungulia, karibuni, maana leo kuna lenu pia.

Mwaka 2019 nilihamia Dodoma kikazi, kama wengi waliofuata ofisi za Serikali kutoka Dar. Upepo wa kiangazi ukanipokea, vumbi likanipokea, kidevu changu kikagoma. Kila nikitoka saluni, mashine imepita mpaka zero na spiriti imemwagwa, baada ya siku mbili shingo nzima ni vipele. Nikadhani ni hali ya hewa tu. Mke wangu naye akaanza kulala kageukia ukutani. Nikadhani ni uchovu.

Siku moja nikamsikia kwenye simu akimwambia dada yake, "Kidevu chake msasa, na nikimwambia ananuna." Jamani! Iliniuma, na si kwa sababu ya huo msasa. Ni kweli kwamba aliponiambia mara ya kwanza nilinuna siku tatu. Akaacha kuniambia.

Nikakumbuka wembe wa marehemu baba. Ule wa kukunja, mpini mweusi, chuma cha Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe. Mama alinikabidhi baada ya arobaini, ukiwa butu. Mimi na ujuaji wangu nikachukua jiwe la kunolea visu vya jikoni, nikausugua kama panga la kufyekea. Asubuhi nikajinyoa. Itoshe kusema nilikwenda kazini na plasta mbili shingoni, na mke wangu hakuuliza kitu.

Hapo ndipo nilipokubali kuuliza. Kuna mzee mmoja, kinyozi wa zamani, anakaa mitaa ya Kizota. Nikamwamkia shikamoo, nikaongeza na Mbukwenyi yangu ya kubabaisha, akacheka. Akaushika wembe kwenye mwanga, makali yakielekea juu. "Unaona hapa panapong'aa? Makali mazuri hayang'ai, mwanangu. Panapong'aa ndipo palipokufa."

Kumbe wembe haunolewi kama kisu. Unaulaza chapa kwenye jiwe lililolowa, mgongo na makali viguse kwa pamoja. Ule mgongo mnene ndio unaokupimia pembe. Ukiunyanyua tu, umeharibu. Unasukuma makali yakitangulia, kama unayeparua utando mwembamba juu ya jiwe. Ukifika mwisho unaugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo, unarudi. Na kwa kuwa jiwe huwa jembamba kuliko urefu wa wembe, unapita mshazari ili kuanzia kisigino mpaka ncha kila sehemu ipate haki yake. Mawe yana namba: 1000 hurudisha makali yaliyokufa, linafuata la 4000 au 5000, la 8000 ni la kumalizia. Namba ikipanda, jiwe linakuwa laini zaidi.

Nikaanza. Hazikupita dakika mbili mzee akanipiga kibao cha mkono. "Unabonyeza. Nani kakwambia ubonyeze? Uzito wa wembe wenyewe unatosha." Nikalegeza. Baada ya kidogo, tena: "Unabonyeza!" Jioni mbili zilikwisha hivyo, maana ile kazi yangu ya jiwe la jikoni ilibidi ifutwe yote kwanza.

Kisha ngozi. Kwa nchi ya ng'ombe kama hii, ukanda mpana wa ngozi laini usio na nyufa si kazi kuupata. Unafunga upande mmoja kwenye kitasa cha mlango, unavuta ukaze. Hapa mambo ni kinyume: mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukisahau, unaukata ukanda wako mwenyewe. Mizunguko 40 hivi kabla ya kila kunyoa, na jiwe unaweza kulisahau kwa miezi. Kipimo ni malaika ya mkononi: wembe ukipita juu juu bila kugusa ngozi, yakatike yenyewe.

Wahenga waliposema mwenzako akinyolewa wewe tia maji, walitoa pia ushauri wa kinyozi kabisa. Unywele uliolowa ni laini. Taulo ya maji ya moto usoni dakika tatu, halafu povu. Tatizo la hapa kwetu ni kwamba visima vingi vina maji ya chumvi, sabuni inagoma kutoa povu. Mimi natenga kikombe kimoja cha maji ya mvua au ya kunywa. Wembe uinamishe nyuzi 30 hivi, ufuate unywele unakolalia, na usirudie kinyume ili ung'ae kama sahani. Ndevu zetu zimejikunja. Ukizikata chini kabisa, ncha yake kali hujipinda na kuchoma ngozi kutokea ndani. Ndivyo vile vipele. Bora ubaki na kivuli kidogo.

Ukimaliza, kausha, paka tone la mafuta ya cherehani. Na tafadhali, wembe mmoja mtu mmoja, hata kama mmeoana. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 na zaidi, na UKIMWI hauhitaji utangulizi. Kinyozi akitaka kukupitishia wembe aliomnyolea mwingine, nyanyuka kwenye kiti, usione aibu.

Asubuhi ya kwanza niliyonyoa sawasawa nilimwambia mke wangu kwamba ile simu niliisikia. Akanyamaza. Nikamwambia, "Ukiona msasa sema tu, sinuni tena." Akanitazama kama anayepima maneno, akapitisha kiganja shavuni polepole, kikateremka mpaka shingoni.

"Hapa chini ya sikio umeacha, mume wangu."

Nikarudi kwenye kioo.