Daktari wa Rais ni Mtumishi wa Nani?

Hivi majuzi, katika mjadala wa wanafunzi wa shule ya upili, msichana mmoja aliniuliza swali lililonikosesha jibu: daktari wa rais ni mtumishi wa nani, wa mgonjwa wake au wa taifa? Nimelitafakari sana swali hilo, na naona kisa cha Ufaransa kinatutosha kuwa funzo.

Mwaka 1974, Rais Georges Pompidou alifariki angali madarakani, baada ya umma kufichwa uzito wa maradhi yake. François Mitterrand alipochaguliwa mwaka 1981, aliahidi kwamba taarifa za afya yake zingetolewa mara kwa mara. Ahadi njema hiyo! Lakini kabla ya mwaka huo kwisha, aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kuenea hadi mifupani. Rais akataka iwe siri. Daktari wake, Claude Gubler, akawa anatia sahihi taarifa zisizotaja ugonjwa huo. Umma haukuambiwa hadi mwaka 1992, Mitterrand alipofanyiwa upasuaji.

Mitterrand aliaga dunia Januari 8, 1996. Siku chache baadaye Gubler alichapisha kitabu kilichofichua yote. Mahakama ilikipiga marufuku upesi, na daktari akahukumiwa kifungo cha miezi 4 kilichoahirishwa. Mwaka 2004, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba kuendelea kukizuia kitabu hicho kulikiuka uhuru wa kujieleza.

Tazameni kinaya hicho. Kosa alilohukumiwa nalo mahakamani lilikuwa la kutoboa siri, wala si la kuuhadaa umma kwa sahihi yake.

Wapo watakaosema kwamba kiongozi naye ni binadamu, na maradhi ni aibu ya mtu na nyumba yake. Nakubaliana nao kwa kiasi. Mwananchi hana haja ya kuhesabiwa kila kidonge anachomeza rais. Hata hivyo, siri na uwongo si ndugu. Daktari anayenyamaza anatimiza kiapo chake. Anayetia sahihi uwongo ameacha uganga na kuingia siasa.

Katiba yetu ya 2010 imelitambua jambo hili. Kifungu cha 144 chaagiza kwamba ikibidi kuchunguza uwezo wa rais kutekeleza kazi, Jaji Mkuu aunde jopo la watu 5, na 3 kati yao wawe madaktari waliopendekezwa na chombo kinachosimamia taaluma yao. Lakini jopo hilo haliundwi mpaka wabunge wapitishe hoja. Je, watatoaje hoja juu ya wasilolijua?

Kwa maoni yangu, jopo la aina hiyo lingekutana kila mwaka na kujibu swali moja tu hadharani: je, rais anaiweza kazi? Mengine yabaki kati ya mgonjwa na tabibu wake.

Sasa ninalo jibu la kumpa yule msichana. Daktari wa rais ni wa rais, na aachwe amtibu kwa siri. Taifa nalo lina haki ya kuwa na daktari wake. Tukimtwika mtu mmoja kazi zote mbili, tutakuwa tumemfunza kusema uwongo. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kiongozi akificha yake, huumbuka na nchi nzima.