Arki ni ya Keki, si ya Mapafu



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi vijana wetu mlioko mashuleni na vyuoni, leo tunasema juu ya jambo ambalo wazee wengi hawajalisikia na vijana wengi wamekwishalijua. Ni mchezo wa kuonja na kupigia alama ladha za vitamutamu na kahawa ili zitiwe kwenye maji ya sigara ya kielektroniki, yaani veipu, yanayochanganywa nyumbani. Mchezo huu ulikulia Marekani na Ulaya. Lakini chupa ni ndogo na simu iko mkononi mwa kila kijana, basi hakuna mpaka unaouzuia. Sisi walimu tunaona ni wajibu kusema kabla nyumba haijaungua.

MCHEZO WENYEWE UKOJE

Sigara ya kielektroniki ya leo ilibuniwa na mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003. Betri hupasha moto waya mdogo, waya huchemsha maji, na mvutaji huvuta mvuke wake. Maji hayo yana vitu vinne: propilini glaikoli, gliserini, nikotini na ladha. Watu wakaona kununua kila kitu peke yake na kuchanganya wenyewe ni rahisi zaidi. Wakanunua mizani midogo, chupa, na ladha kali zisizochanganywa bado, ambazo ni jamaa ya arki ile ile ambayo mama zetu hutia kwenye keki.

Hapo ndipo uonjaji unapoanza. Mtu anachukua ladha ya kastadi, anatia asilimia 3 au 5 kwenye chupa, anavuta, kisha anaandika: siagi ipo, yai halitoshi, vanila imezidi, alama 7 kati ya 10. Kastadi huwekwa kabatini wiki kadhaa gizani mpaka iive, kisha inavutwa tena na alama zinabadilishwa. Kahawa ndiyo inayowatesa zaidi. Kahawa ya kweli ina mamia ya viambato vya harufu, nao wanataka kuipata kwa matone machache. Mara inatoka kama mkaa, mara kama udongo. Basi wananunua chupa nyingine, na nyingine, na mwisho ulimi unachoka hausikii ladha yoyote. Wenyewe wana jina la hali hiyo, wanaiita ulimi wa veipu.

Ukisoma maandishi yao utadhani unasoma habari za mpishi wa hoteli kubwa. Lugha ni ya jikoni, lakini tusisahau kitu kimoja. Mpishi chakula chake kinakwenda tumboni, na hawa cha kwao kinakwenda mapafuni.

TUMBO SI PAFU

Hii ndiyo hoja yetu ya kwanza, na tunaomba vijana mtulie nayo. Ladha nyingi hizi zimekubaliwa kuwa salama kwa kuliwa. Tumbo lina tindikali, lina ini nyuma yake, limeumbwa kupokea chakula na kukichambua. Pafu limeumbwa kupokea hewa. Hata chama cha watengenezaji ladha wa Marekani, kinachojulikana kama FEMA, kimesema waziwazi kwamba tathmini zake za usalama ni za ladha katika chakula, na hazimruhusu mtu kudai kuwa ladha hizo ni salama kwa kuvutwa. Ikiwa muuzaji wa arki anasema arki yake haikupimwa kwa pafu, mvutaji anapata wapi ujasiri wa kuipa alama 9 kati ya 10?

Wala si maneno ya kutisha watoto. Mwaka 2000 huko Jasper, jimbo la Missouri, wafanyakazi wanane waliowahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha bisi waligundulika na ugonjwa mbaya wa mapafu. Njia ndogo za hewa hujaa makovu na hazifunguki tena. Baadhi yao waliwekwa kwenye orodha ya kusubiri kupandikizwa mapafu. Hawakuwa wachimba migodi. Walikuwa wakipumua mvuke wa ladha ya siagi. Uchunguzi uliielekeza lawama kwenye ladha hiyo, na hasa kiambato kiitwacho daisetili. Ukila bisi hakikudhuru, lakini ukivuta mvuke wake kila siku ni habari nyingine.

Sasa kastadi inataka nini ili iwe kastadi? Inataka siagi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima aina 51 za ladha za sigara za kielektroniki na kuikuta daisetili katika 39. Umoja wa Ulaya na Uingereza zina sheria za kuzuia viambato vyenye hatari kwa afya katika maji haya yanapouzwa yakiwa tayari. Lakini anayechanganya nyumbani ni kiwanda kisicho na mkaguzi. Hupima kwa ulimi, na ulimi haujui daisetili ni nini. Ulimi unajua tamu tu.

Halafu nikotini. Wachanganyaji huinunua ikiwa kali, mara nyingi miligramu 100 kwa kila mililita, wakati sheria ya Ulaya hairuhusu maji ya kuvutwa kuuzwa yakizidi miligramu 20. Chupa ya namna hiyo ikiwa karibu na chupa zinazonukia keki, ndani ya nyumba yenye watoto wadogo, ni msiba unaosubiri siku yake. Mwezi Desemba 2014 mtoto wa mwaka mmoja huko Fort Plain, jimbo la New York, alifariki baada ya kunywa nikotini ya maji. Baada ya hapo Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha vizibo ambavyo mtoto hawezi kuvifungua.

KWA NINI KEKI, KWA NINI MAZIWA?

Tujiulize, ndugu zetu. Mzee aliyevuta tumbaku miaka 30 ana haja gani na donati ya stroberi? Shirika la Afya Duniani lilisema mwezi Desemba 2023 kwamba bidhaa hizi zinauzwa kwa ladha zisizopungua 16,000, na likazitaka nchi zipige marufuku ladha zote. Mwezi Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Marekani ilizipa ushindi mamlaka za nchi hiyo zilizokataa kuruhusu ladha za kampuni fulani. Yatazameni majina ya bidhaa zilizotajwa katika kesi ile. Moja ni Suicide Bunny Mother's Milk and Cookies, yaani sungura anayejiua, maziwa ya mama na biskuti. Nyingine ni Killer Kustard Blueberry, yaani kastadi muuaji. Wameweka maziwa ya mama na kifo katika jina moja, na watu wanaona ni mzaha mzuri.

Ladha ndiyo chambo, na nikotini ndiyo ndoana. Hakuna mvuvi anayetia ndoana tupu majini. Na huyu anayekaa usiku kucha kuipigia alama kastadi anamsaidia mvuvi kuchagua chambo bora, tena bila mshahara.

HOJA ZAO NA MAJIBU YETU

Tusiwadhulumu, tusikilize wanasema nini.

Ya kwanza, wanasema veipu ina madhara machache kuliko sigara. Katika hili wana sehemu ya haki. Wataalamu wa afya wa Uingereza wamekuwa wakisema hivyo tangu mwaka 2015, na mvutaji sugu aliyeshindwa kuacha sigara amepata njia ya kupunguza madhara. Huyo ana udhuru wake, na akazungumze na daktari. Hata daisetili, katika moshi wa sigara ni nyingi kuliko katika veipu. Lakini ulinganifu huo unamfaa mvutaji peke yake. Kijana wa miaka 16 ambaye hajawahi kugusa sigara hatoki kwenye moshi kuja kwenye mvuke. Anatoka kwenye hewa safi. Basi alinganishe na hewa safi.

Ya pili, wanasema: sisi tunavuta ladha tupu, nikotini hatutii. Hili tumekwishalijibu. Wafanyakazi wa bisi hawakuvuta nikotini. Isitoshe, mkono uliozoea kubeba mashine kila saa hauko mbali na chupa ya pili.

Ya tatu ndiyo tunayoipenda zaidi, kwa sababu inatoka kwa wanafunzi waliosoma. Wanasema: ustadhi, si hata kahawa iliwahi kuharamishwa? Naam, ni kweli. Kahawa ilienea kutoka Yemen katika karne ya 15, masufi wakiinywa ili wakeshe katika ibada, na mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa mtawala wa Makka, aliipiga marufuku. Lakini simulieni kisa mpaka mwisho. Kilichozungumzwa kilikuwa ulevi na madhara. Katazo lilipofika Cairo halikupitishwa lilivyo, na kadiri wanazuoni walivyoichunguza ilionekana hailevyi, ikaruhusiwa. Huo ndio mwendo wa wanazuoni wetu: jambo likija hulichunguza. Kahawa ilichunguzwa ikatoka salama. Tumbaku wanazuoni walihitilafiana juu yake tangu karne ya 17, na kadiri madhara yake yalivyothibiti ndivyo fatwa za kuiharamisha zilivyoongezeka. Veipu nayo imechunguzwa. Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia, nchi ambayo yenyewe ina watengenezaji wengi wa maji haya, liliiharamisha mwezi Desemba 2015, na jumuiya ya Muhammadiyah ya Indonesia ikafanya hivyo Januari 2020. Anayetumia kisa cha kahawa kuitetea veipu amechukua mwanzo wa kisa akaacha mwisho wake.

Ya nne, wanasema ni sanaa tu, ni kipaji cha pua na ulimi. Kipaji hatukikatai. Allah (s.w.) ndiye aliyekitoa. Swali ni kimetumiwa wapi. Suratul Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitupa kwa mikono yetu kwenye maangamizi, na Suratul A'raf, aya ya 157, inatueleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuja kutuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharamishia vilivyo viovu. Harufu nzuri haikifanyi kiovu kuwa kizuri. Na mali iliyonunua chupa 40 za ladha tutaulizwa habari zake siku ambayo hakuna wa kutusaidia kujibu.

ONJENI KAHAWA YA KWELI

Kinachotuuma sisi watu wa maziwa makuu ni hiki. Burundi, Rwanda, Uganda na Kivu ni nchi za kahawa. Katika milima yetu wako wakulima wanaochuma buni kwa mkono, punje moja moja. Na kuna wataalamu wanaoonja kahawa hiyo kwa kijiko. Wanainusa, wanaivuta mdomoni kwa kishindo, wanaitema, kisha wanaipa alama katika 100. Mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya shindano la Cup of Excellence, na Burundi ikafuata mwaka 2012. Katika shindano hilo alama zikipanda, bei ya mkulima inapanda. Ule ni uonjaji wenye baraka. Unalisha nyumba na unasomesha watoto.

Kijana wa Kiislamu mwenye ulimi mwepesi na pua kali, basi, aende huko. Ajifunze kuonja kahawa ya nchi yake, au aingie jikoni atengeneze kashata, halua na keki ya kuuza siku ya Idi. Ni aibu kijana aliyezaliwa chini ya mbuni kuvuta harufu ya kahawa ya maabara isiyo na hata punje moja ya kahawa.

TUFANYE NINI MAJUMBANI

Wazazi, jifunzeni kuvijua vitu hivi. Si kila chupa ndogo yenye picha ya keki ni ya keki. Ukiona kwa mtoto mizani midogo, bomba za sindano zisizo na sindano, na chupa zenye harufu ya vanila, usianze na fimbo. Kaa naye, muulize, msikilize. Kijana anayeogopa kupigwa atahamishia chupa kwa rafiki, na huko hutamwona tena.

Wenye maduka, kuweni na hofu ya Allah. Uganda sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki na shisha, na Rwanda ilipiga marufuku shisha Desemba 2017. Lakini hata pale ambapo sheria ya serikali imenyamaza, sheria ya Mola wetu haijanyamaza, na riziki ya duka haitoki katika pafu la mtoto wa jirani.

Nanyi vijana, mkijiona mmekwisha kunaswa, msikate tamaa na msijifiche. Ramadhani hukuonyesheni kila mwaka kwamba mnaweza kukaa kutoka alfajiri mpaka magharibi bila kuvuta, kwani mvuke nao hufunguza swaumu kama moshi. Aliyeweza mchana wa siku 30 ana mlango wa kuweza na usiku wake.

Tunamuomba Allah (s.w.) awahifadhi watoto wetu, avisafishe vifua vyetu nje na ndani, na aturuzuku vilivyo vizuri atuepushe na viovu. Amin.

Wabillahi tawfiq.