Mashauri ya Nyumbani: Safari ya Siku Mbili

Mwezi uliopita tulinena juu ya akiba ya chakula, na leo twapenda kunena juu ya safari. Walimu wengi husafiri wakati wa likizo, na nyumba nyingi za Kikristo huenda arusini, mazishini na kuwatazama wagonjwa. Walakini wachache hukaa kitako kwanza na kuipanga njia. Twasema hivi si kwa kuwahukumu wengine. Kosa tutakalolisimulia ni letu wenyewe.

Mama yetu mzazi anakaa nasi Mlalo. Dada yake mkubwa alishuka pwani miaka ya 1960, akaolewa Pangani na mtu mwema wa dini ya Kiislamu, naye akaishika dini ya mumewe. Babu yetu alikasirika sana, akakataza jina la binti yake lisitajwe nyumbani. Babu alikwisha kufa, lakini ukimya ule haukufa pamoja naye. Ndugu wale wawili walionana mara ya mwisho katika mazishi ya bibi yetu mwaka 1989, wala hawakunena neno ila salamu.

Mwaka 2018 mama alituambia, “Nataka kumwona dada yangu kabla mmoja wetu hajaitwa.” Tukafurahi, tukasema, “Twende upesi.” Na hilo neno *upesi* ndilo lililotuponza.

Ilikuwa Aprili, kati ya masika. Tulihesabu kilomita tu: Mlalo mpaka Lushoto yapata 30, Lushoto mpaka Mombo 33, Mombo mpaka Korogwe yapata 40, kisha Segera, Muheza, Tanga, na kutoka Tanga mpaka Pangani yapata 50. Jumla yakaribia 250. Tukasema, “Hii ni safari ya siku moja, tena jua litakuwa bado juu.” Tukakodi gari bila kulikagua. Liliahidiwa kufika saa kumi ya alfajiri, likafika saa tatu. Jirani wakaja na magunia yao, nasi tukaona haya kuwakataa. Watu wakawa kumi na wawili mahali pa saba. Mama akawekwa nyuma kabisa, magoti yake yakigusana na gunia la karoti.

Kila aijuaye njia ya Soni kushuka Mombo anajua ilivyo. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni korongo, na kona hazina hesabu. Lushoto iko juu ya bahari mita 1,400 hivi, na Mombo mita 400 hivi. Basi mtu huteremka mita elfu nzima kabla hajaifikia njia kuu. Mama alitapika tangu Soni mpaka chini. Karibu na Korogwe gurudumu likapasuka, na la akiba halikuwa na upepo. Jua likatua hatujafika hata Segera. Tukafanya shauri la kurudi, nalo lilikuwa kosa la pili, maana tulipanda mlima usiku katika ukungu na mvua. Juu ya Mombo mawe yalikuwa yameporomoka njiani. Tukashuka sote, tukapita kwa miguu gizani, mama akishikwa mikono miwili, nguo zake zimelowa.

Alilala kitandani majuma mawili kwa homa ya kifua. Usiku mmoja tulidhani hataona asubuhi. Alipopata nafuu alituambia neno hili: “Mwanangu, kabichi za Lushoto hufunikwa turubai zisiharibike njiani. Mimi mlinichukuaje?” Hatukuwa na jibu.

Tena lilikuwako jambo baya kuliko homa. Kule Pangani mama mkubwa alipika wali na samaki, akawaita wajukuu wake wote, akangoja mpaka usiku wa manane. Sisi simu yetu ilizimika, wala hatukuandika nambari yake penginepo. Siku tatu zikapita kabla hatujampasha habari. Yeye akawaambia watu wa nyumba yake, “Nilijua. Wakristo wale wameona haya kuja kwangu.” Basi tulitoka kwenda kuliziba pengo, tukaliongeza.

Bwana wetu alinena habari ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Tumelifundisha fungu hilo darasani mara nyingi. Hatukufikiri kwamba lahusu pia gurudumu la akiba.

Mwaka uliofuata tuliketi. Jioni moja tulikusanyika wote, mama, mke, watoto, hata yule mdogo wa darasa la tatu, tukafungua daftari. Haya ndiyo tuliyoyaandika, nasi twawapa ninyi, kila nyumba ichukue limfaalo.

Kwanza, majira. Masika huanza Machi hata Mei, na vuli huja Oktoba hata Desemba. Wakati huo milima yetu huporomosha udongo. Tulichagua Juni mwishoni, shule zimefungwa. Baridi ni kali Lushoto wakati huo, lakini baridi huzuiwa kwa blanketi, na maporomoko hayazuiwi kwa kitu.

Pili, saa. Tuliacha kuhesabu kilomita, tukahesabu saa, tena saa za mzee, si za kijana. Kwa kila saa mbili za mwendo tuliongeza nusu saa ya kushuka na kunyosha miguu. Hesabu ikatuonyesha wazi kwamba safari ni ya siku mbili. Siku ya kwanza ni mlima, mpaka Korogwe. Siku ya pili ni uwanda, mpaka Pangani. Tena tuliweka sheria: jua likianza kushuka, gari lisiwe njiani.

Tatu, mahali pa kulala. Tulimwandikia mwalimu mwenzetu wa Korogwe mwezi mmoja mbele, tukamwambia tu wangapi, twafika saa ngapi, na ya kuwa yuko mzee asiyeweza kupanda ngazi. Mgeni aliyetangulia kujieleza humpunguzia mwenyeji taabu.

Nne, gari na dereva. Tulilikagua siku mbili kabla: magurudumu yote pamoja na la akiba, breki, taa, na maji. Tulimwomba dereva alale mapema, tukamlipa chakula chake ili asiendeshe kwa njaa. Kwa mteremko wa Soni yeye mwenyewe alitufundisha: dereva mwema hushuka kwa gia ndogo, injini ikilizuia gari, wala hakanyagi breki daima, kwani breki ikikanyagwa bila kupumzika hupata moto, na ikiisha kupata moto haishiki tena.

Tano, watu na mizigo. Kiti kimoja, mtu mmoja. Hili ndilo lililokuwa gumu. Mzee mmoja wa kanisa alikuja na magunia mawili ya viazi, nasi tunamheshimu sana. Tukamwambia kwa upole, “Baba, mwaka jana tulikubali yote, na mama akakaribia kufa.” Akanyamaza kidogo, akasema, “Mpelekeni mama.” Kumbe kukataa kwa kweli na kwa adabu hakuvunji udugu.

Sita, mwili wa mzee. Mama alikaa mbele, atazame mbali. Maana macho yakitazama karibu katika kona, tumbo huchafuka. Kabla ya mteremko alikula kipande cha mkate tu na chai ya tangawizi. Dawa zake zilikaa katika mkoba wa mkononi, si juu ya gari, na maji ya kuchemshwa yalitosha siku zote mbili.

Saba, fedha. Tulizigawa katika bahasha tatu: ya gari, ya chakula na malazi, na ya tatu ya ajali. Hiyo ya tatu tuliapa kutoifungua kwa kitu cha kutamanisha macho. Ilirudi nyumbani haijafunguliwa, nasi tukamshukuru Mungu.

Nane, heshima ya nyumba tuiendeayo. Mama alisema, “Tusifike Ijumaa adhuhuri, watu wako msikitini.” Basi tukaondoka Jumanne. Tulitaka kupeleka kuku waliopikwa. Mama akakataa, akasema wapelekwe wazima, wenyeji wawachinje wenyewe kwa desturi yao, wapate kula bila mashaka. Tena kabla ya yote mama aliandikisha barua kwa dada yake, akikiri kosa la mwaka jana, wala hakutia udhuru ndani yake. Nambari za simu tuliziandika katika daftari na katika karatasi mbili zaidi, moja mfukoni mwa mtoto.

Basi tulikwenda. Tulipita Magamba na Lushoto kabla umande haujakauka, Soni tukasimama karibu na maporomoko ya maji, mama akanawa uso. Watoto hawakuchoka, kwa sababu tuliwapa kazi: kila mahali tuliwaeleza habari yake, nao wakaandika. Tuliwaambia kwamba mmisionari Krapf alifika Vuga kwa mfalme Kimweri mwaka 1848, akaja tena mwaka 1852 kwa njia ya Pangani, na safari ile ilikuwa ya siku nyingi kwa miguu. Pale Mombo tukawaonyesha reli, iliyofika hapo kutoka Tanga mwaka 1905. Walimu, hilo ni somo la hesabu na la historia pamoja, wala halitaki ubao.

Tulilala Korogwe kwa amani. Asubuhi tulipita mashamba ya mkonge, tukasimulia jinsi Dk. Hindorf alivyoleta miche kutoka Florida mwaka 1893, ikafa mingi njiani, ikabaki 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Yule mtoto mdogo akauliza, “Baba, ile mingine haikupangiwa safari vizuri?” Tukacheka sana, mama naye akacheka. Segera tukaiacha njia ya Chalinze, tukashika ya Tanga. Muheza tukanunua machungwa. Baada ya Tanga bahari ikaonekana, na mama, aliyezaliwa mlimani, akanyamaza kimya kirefu. Kisha akasema, “Ndiyo sababu hakurudi.”

Tulifika alasiri, nusu saa kabla ya saa tuliyoiahidi. Mama mkubwa alikuwa amekaa barazani, barua ya mama iko mapajani mwake. Hawakulia. Mkubwa akasema, “Mmefika mchana.” Mama akajibu, “Safari hii tulihesabu.” Wakaingia ndani, wakakaa juu ya mkeka, wakanena Kishambaa mpaka usiku. Wajukuu wa pwani wakasikiliza wasifahamu maneno, ila walifahamu kicheko.

Alfajiri mmoja alisali sala yake, na mwingine akaomba kwa namna yake katika chumba kilekile. Huenda msomaji atauliza, “Mwalimu wa dini, hukuhubiri?” Twajibu: nyumba ile ilikuwa imetuhesabu kuwa watu wa dharau mwaka mzima. Mahubiri yetu ya kwanza yalipasa kuwa kufika tulipoahidi kufika, na kuomba radhi. Zaidi ya hayo twamwachia Mungu.

Tulikaa siku nne. Novemba ya mwaka ule ule simu ilitujia kwamba mama mkubwa ameaga dunia. Mama aliposikia alifunika uso kwa kanga, kisha akasema, “Tulionana.” Hakusema jingine siku ile.

Ndugu zetu, tulipoteza mwaka mmoja kwa sababu ya gurudumu lisilo na upepo na haya ya kuwakataa jirani. Mungu alituachia mwaka mwingine; hatukuwa na haki ya kuudai. Labda na kwenu yuko mtu anayengojwa, au anayengoja, na ninyi mwasema kila likizo, “Twende upesi,” au “Tutakwenda mwakani.” Maneno hayo mawili ni ndugu, na yote mawili humwacha mzee akingoja barazani.

Kwa hiyo twawapa kazi ndogo mwezi huu. Jioni moja, baada ya sala ya nyumba, chukueni daftari. Andikeni jina la mtu mmoja mnayepaswa kumwendea. Chini yake andikeni mwezi, saa, mahali pa kulala, na fedha ya kila juma mtakayoiweka. Mwulizeni mzee wa nyumba kabla ya dereva, na mtoto naye asikilizwe, kwani mara nyingi yeye huona lililosahauliwa. Mkiisha, someni Luka 14 pamoja, mwombe.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutanena juu ya kumpokea mgeni asiyetuarifu. Bwana awalinde kutoka kwenu na kuingia kwenu.