Mji Ulipotea kwa Nani?

Wahariri, nipeni ukurasa mmoja nitoe dukuduku langu. Linahusu watalii waendao milima ya Andes, kule Peru, kisha wakirudi wanatuandikia "niliyoyaona safarini". Mimi sijafika huko. Kwa kijana aliyeishia kidato cha nne nauli yenyewe ni ndoto. Lakini maandishi yao nimeyasoma ya kutosha, na naona wenzangu wanaotaka kuwa waandishi wanayaiga hata wanapoandika habari za Usambara. Hapo ndipo siwezi kunyamaza.

Yote yanafanana. Kwanza kichwa kinamuuma mwandishi mjini Cusco kwa sababu hewa ni nyepesi. Halafu anakunywa chai ya majani ya koka. Halafu "anapaa mawinguni" kwenda Machu Picchu. Anapaa wapi bwana! Cusco iko mita 3,400 hivi juu ya bahari, Machu Picchu mita 2,430. Ameteremka karibu kilomita nzima, tena amekaa kwenye treni, lakini kalamu yake inapanda tu. Kisha ukungu, mawe, kimya. Na mwanamke mmoja mwenye kofia, hana jina, hasemi kitu, amewekwa pale kama ua la mezani.

Babu wa uandishi huu ni Hiram Bingham, Mmarekani, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale. Tarehe 24 Julai 1911 alipelekwa Machu Picchu na mkulima aitwaye Melchor Arteaga, kwa ujira wa sol moja. Kule juu akakuta nini? Watu! Familia za Richarte na Álvarez zilikuwa zinalima kwenye matuta yale yale ya Wainka. Wakampa maji ya kunywa na viazi vitamu vya kuchemsha, na mtoto mdogo akamtembeza kwenye magofu. Ukutani palikuwa na jina la Agustín Lizárraga na mwaka 1902. Pamoja na yote hayo, kitabu alichokitoa 1948 akakiita Mji Uliopotea wa Wainka. Umepotea kwa nani? Kwa yule aliyechemsha viazi? Vitu vilivyochimbwa vilipelekwa Yale, na Peru ikavisubiri karibu miaka mia, hadi vilipoanza kurudishwa 2011.

Na msidhani ni mambo ya mbali. Hans Meyer, aliyepanda Kibo 1889 akakipa kilele jina la mfalme wake wa Ujerumani, ndiye huyo huyo aliyekwenda Andes ya Ecuador 1903 kuchunguza barafu ya milima.

Watetezi wao husema: mtalii ana siku chache, aandike nini zaidi? Aandike alichokiona! Wale waendao kwa miguu hufuata Njia ya Inka, inayoruhusu watu 500 tu kwa siku, na zaidi ya nusu yao si watalii bali wapagazi na waongozaji. Hao ndio wanaobeba mahema, mitungi ya gesi, hata meza na viti. Mwaka 2001 ilibidi itungwe sheria kwamba mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20. Sheria kama hiyo haitungwi pale migongo inapokuwa salama. Mtalii ametembea na migongo hiyo siku nne, halafu sisi tunasomeshwa ukungu! Huyo hakukosa muda, hakuuliza tu.

José María Arguedas alizaliwa Andahuaylas, Peru, mwaka huo huo wa 1911, akalelewa jikoni na watumishi wasemao Kikechua. Riwaya yake Los ríos profundos ilitoka 1958. Inaanza na kijana anayefika Cusco usiku pamoja na baba yake. Anaupapasa ukuta wa Wainka na kuushangaa kuliko mtalii yeyote. Lakini katika nyumba waliyofikia anakutana na mtumishi asiyethubutu kumtazama mtu usoni. Jiwe na mtu, katika sura moja. Huyo ndiye wa kuigwa, jamani, kama lazima tuige.

Juzi mwenzangu mmoja kanipa mswada wake, hadithi ya Lushoto. Ukurasa mzima ukungu, kisha mama anapita na mzigo wa kuni. Nikamuuliza huyo mama anaitwa nani, na kuni anampelekea nani. Akaniambia hayo si muhimu, muhimu ni mandhari. Mimi nasema mandhari hayo ni porojo. Anayebisha anijibu hapa hapa, toleo lijalo.